Diski Mbili za Kitabu cha Ukoo

Jumatatu, 5 Agosti 1996

Kikao cha kamati ya ukoo, nyumbani kwa Mwalimu Barnaba, Kabras. Nilivaa tai. Wengine hawakuvaa. Mwanzo mzuri.

Ajenda ilikuwa Kitabu cha Ukoo. Mwalimu Barnaba ni baba yangu mkubwa, mstaafu, na ametembea miaka kumi na mmoja akikusanya majina. Nani alimzaa nani, nani aliolewa wapi. Majina elfu tatu na kitu. Shemeji Nanjala, mke wa binamu yangu, ameyapiga chapa yote kwenye Makintoshi ya ofisi ya misheni anakofanya kazi. Madaftari yenyewe yaliliwa na mchwa mwaka jana. Sasa kitabu kizima kimo ndani ya mashine moja, na Mwalimu anaogopa radi. Anataka nakala ziwekwe pia kwenye kompyuta yangu hapa mjini na kwenye ile ya shule moja Lumakanda.

Swali lilikuwa: diski zifomatiwe vipi ili kila kompyuta izisome? Makintoshi hupanga diski kwa njia yake, na kompyuta za DOS kama yangu hupanga kwa njia yao. Nilikuwa nimejiandaa kusema DOS. Nina ofisi juu ya duka la mbolea, nina kibao mlangoni, OSUNDWA MTAALAMU, nani angenipinga? Kabla sijakohoa, Nanjala akanyoosha mkono akasema DOS. Makintoshi yake inaweza kusoma diski za DOS, alisema, lakini kompyuta zetu haziwezi kusoma za Makintoshi. Basi DOS itasomwa kote, na maandishi yawe matupu, bila mapambo.

Ningefanya nini? Kumuunga mkono mbele ya wazee? Nikasimama nikasema Makintoshi. Nikasema kitabu kilizaliwa Makintoshi na kitabaki Makintoshi, na kwamba mashine yangu inasoma kila kitu. Nilitaja teknolojia mara sita. Wazee wakanikubali.

Jumamosi watachagua Mtunza Kumbukumbu. Huyo atakuwa akiketi kando ya Mwalimu kwenye sherehe zote, na ingokho, kuku wetu wa sherehe, ikiletwa, atapewa firigisi, kipande cha mwanamume wa heshima. Nina miaka thelathini na minane. Sijawahi kupewa firigisi.

Jumamosi hiyohiyo kitabu kitahitajika. Nekesa, mjukuu wa Mwalimu, anataka kuolewa na Wangila wa Mautuma. Wazee lazima kwanza wasome ukurasa wa mabinti wetu walioolewa Mautuma. Nyanya yake Wangila akiwemo, hao ni ndugu na hakuna harusi. Mpaka ukurasa usomwe, ng'ombe hawapokelewi.

Jumanne, 6 Agosti

Wazo limenijia nikinyoa ndevu. Nakala zikiwa tatu, mtunza anatunza nini? Kila mtu atakuwa mtunza.

Nikawawahi wazee. Nikawauliza, je, mtu huko Lumakanda akiingiza babu yake katikati ya babu zetu, nani atajua? Walishtuka. Wote wanakumbuka ukoo wa ng'ambo ya mto, ambako mgeni alitokea matangani na karatasi iliyopigwa chapa, akadai azikwe nao na apewe kipande cha shamba kabla ya kuzikwa. Wakaamua papo hapo: nakala rasmi iwe moja, ikae kwangu. Iliyo kwenye kompyuta ya misheni ifutwe.

Nanjala alipinga. Alisema maana ya nakala ni kwamba moja ikipotea nyingine ibaki, na ukiwa na moja huna nakala. Akaomba pingamizi lake liandikwe. Liliandikwa. Hao ndio makarani wa ofisini, kila kitu kiandikwe.

Alinitengenezea diski mbili za namna moja, ya pili ya akiba, kwa mpangilio wa Makintoshi kama nilivyoagiza, kisha akakifuta kitabu nikiwa nimesimama nyuma yake. Aliniuliza kama nimejaribu kusoma diski ya namna hii kwenye mashine yangu. Nikamwambia mtaalamu hajaribu, anajua. Akasema, "Sawa, shemeji." Sikuipenda hiyo sawa.

Jumatano, 7 Agosti

Siku mbaya.

Nilitia diski ya kwanza. Mashine ikasema diski hii haijafomatiwa, je, ningependa ifomatiwe sasa? Swali la adabu kabisa. Nimefanya kazi ya ukarani serikalini miaka tisa, na jambo moja nililolishika ni kwamba ukiulizwa na aliye juu yako kama ungependa, unapenda. Nikabonyeza ndiyo. Ikanguruma dakika mbili. Nikafikiri inasoma. Majina elfu tatu si mchezo.

Faili: sifuri.

Nikasema Nanjala amenipa diski mbovu, na nikafurahi kidogo. Nikatia ya pili. Swali lilelile. Nikabonyeza ndiyo, mara hii kwa nguvu ili ielewe.

Sifuri.

Ndipo nikachukua kitabu cha maelezo ya mashine, ambacho kilikuwa kinashikilia dirisha. Kufomati ni kuandaa diski upya. Chochote kilichokuwemo huondolewa. Yaani mtu alikuja kuniuliza kama alime shamba, nikamwambia alime tu, na mahindi yamo.

Nimekaa. Chai imepoa, nimeinywa hivyohivyo.

Alhamisi, 8 Agosti

Asubuhi kwa Kiprop, fundi wa kompyuta karibu na soko. Nilimwambia ni shida ya rafiki yangu. Alicheka mpaka akaweka chini chuma chake cha kulehemu. Alizipima diski, akasema ni safi kama zimetoka dukani. Akauliza kama huyo rafiki ana nakala kwingine. Nikasema rafiki aliagiza ifutwe. Kiprop akaacha kucheka. Akaniomba jina la rafiki huyo, ili asije akamwajiri.

Mchana nikapata mpango mpya. Nitaandika kitabu upya! Nikaenda Kabras kwa Mama Awinja, mkewe Mwalimu, nikijua Mwalimu yuko kanisani. Nikamwambia nahakikisha tahajia, tuanzie mwanzo. Akavuta kikapu cha maharagwe, akaanza kupukuchua na kusimulia. Alianza na bibi mmoja aliyemkimbia mumewe mara mbili na kurudi mara tatu. Sikuelewa hesabu hiyo, naye hakutaka kuulizwa. Baada ya saa mbili na nusu nilikuwa na majina kumi na moja. Nilipoyasoma njiani nikagundua manne kati yake ni ya fahali.

Nikiaga aliniuliza, "Osundwa, si mlisema hiyo mashine haisahaunga? Mbona unauliza mimi?" Nikasema ni ukaguzi. Akanipa ndizi.

Ijumaa, 9 Agosti

Majina kumi na moja, toa fahali wanne. Saba. Bado elfu tatu.

Nilifikiria kuugua. Nilifikiria kwenda kwa mjomba Mumias. Mwishowe nimeamua ni umeme. Umeme ukipotea, hakuna kikao, na bila kikao hakuna aliyekosa. Nimeandika tangazo kubwa: HAKUNA UMEME. SAMAHANI KWA USUMBUFU. Herufi zimetoka vizuri sana. Nimelibandika mlangoni, na nimejisikia nafuu kwa mara ya kwanza tangu Jumatano.

Jumamosi, 10 Agosti

Walikuja saa nne kamili. Wazee watano wakipanda ngazi polepole, Mwalimu mbele na koti lake la harusi, Mama Awinja, Nanjala na mkoba wake, Nekesa, na Wangila aliyevaa viatu vya kuazima vilivyombana.

Mwalimu alisoma tangazo, kisha akatazama juu. Balbu ilikuwa inawaka. Na Risper, msusi wa chumba cha pili, alikuwa amewasha mashine yake ya kukausha nywele, inaunguruma nyumba nzima. Alichungulia akaniuliza kwa nini nimebandika uongo.

Mwalimu aliniuliza kwa upole kama kitabu kipo. Nikasema kipo, lakini kimetulia. Wangila akauliza kutulia ni nini. Nilijaribu kumweleza. Lakini Mwalimu alikuwa ananiangalia kama alivyoniangalia darasa la nne, na nikajikuta nimesema yote. Diski ya kwanza, diski ya pili, ndiyo mbili.

Hakunikemea. Afadhali angenikemea. Aliketi kwenye kiti changu, akavua kofia. Alisema kwamba jina la binti mmoja tu wa Mautuma alilifuata kwa miguu, siku mbili, mvua ikinyesha. Bibi aliyemtajia jina hilo alifariki mwezi uliofuata. Hakuna mwingine wa kuulizwa. Mwenyewe sasa halikumbuki jina lile. Aliliandika ili asilazimike kulikumbuka. Nekesa alilia bila sauti, na Wangila akaangalia viatu.

Nilitamani sakafu ifunguke nianguke kwenye mbolea. Niliona aibu, aibu ya kweli, na siandiki hivi kwa ajili ya firigisi.

Ndipo Nanjala akafungua mkoba akatoa diski. Ya DOS. Maandishi matupu. Alikuwa ameitengeneza Jumapili, kabla ya kikao cha kwanza, kwa sababu hivyo ndivyo anavyofanya kazi yoyote. Mzee mmoja akauliza kwa ukali kama kamati haikuagiza nakala ifutwe. Nanjala akasema agizo liliandikwa kufuta kitabu kwenye kompyuta ya misheni, nacho kilifutwa, shemeji Osundwa ni shahidi. Mkoba wake si kompyuta.

Aliniomba radhi anisogeze, akaitia diski kwenye mashine yangu. Mashine haikuuliza chochote. Majina yakaanza kushuka kwenye kioo, moja baada ya jingine.

Ukurasa wa Mautuma ulikuwa na mabinti saba. Nyanya yake Wangila hakuwemo. Mama Awinja akapiga vigelegele, Risper akaitikia kutoka kwake bila kujua ni kwa nini. Mwalimu alibaki mbele ya kioo. Aliweka kidole juu ya jina la nne na kulisoma kwa sauti, halafu akalisoma tena. Hata mimi nilifuta macho.

Nanjala amechaguliwa Mtunza Kumbukumbu, kura zote. Jioni ingokho ilipoletwa, Mwalimu alimkabidhi firigisi mbele ya wazee. Mwanamke! Wawili walikohoa. Mwalimu akawauliza kama wanahitaji maji. Mimi nilipata shingo.

Jumatatu, 12 Agosti

Azimio jipya: diski tatu za DOS, moja misheni, moja Lumakanda, moja kwangu. Bado wananiamini na moja. Zaidi ya hayo, Nanjala anakichapisha kitabu chote kwenye karatasi, kurasa mia moja na sitini, kisha atazishona. Karatasi! Mwaka huu wa 1996! Nimecheka peke yangu ofisini.

Jumanne, 13 Agosti

Nimetafakari sana na kosa nimeliona. Wote wanasema kosa lilikuwa mpangilio wa diski. Hapana. Kosa ni kwamba diski ile ya Nanjala ilifunguka tu, bila kumuuliza mtu yeyote yeye ni nani. Je, angekuwa yule wa ng'ambo ya mto?

Nimezikusanya zote tatu. Ile ya Lumakanda ilikuwa haijasafirishwa, na ya misheni nimeiomba nikisema nakagua virusi. Nanjala aliniuliza mara tatu nitaifanyia nini, karatasi zikitoka nyuma yake moja moja. Nikasema sitaifanyia kitu. Akasema, "Chukua tu, shemeji," bila hata kugeuka. Nadhani sasa ananiheshimu.

Nimezifunga zote tatu kwa neno la siri. Neno moja, refu, gumu, lenye tarakimu katikati, na bila neno hilo hakuna kompyuta Kakamega nzima, ya DOS wala ya Makintoshi, itakayosoma hata jina moja. Jumamosi nitasimama mbele ya kamati, nilibonyeze, zifunguke, na tutaona nani ni mtaalamu. Sijaliandika popote, hata humu siliandiki. Linaanza na K. Ni K kabisa. Au M.