Kihisi Kinachohisi Hadi Moyoni

Kabla ya alfajiri, viatu vya mtoto viligonga sakafu: ko, ko, ko. Asali akafumbua jicho moja. Binti mdogo wa dada yake alikuwa anakwenda kunywa maji, na kila kisigino kilipogusa chini kiliwaka taa nyekundu.

"Riziki hiyo, inatembea," akanong'ona. Alikuwa amelala sebuleni kwa dada yake, ambaye hata siku moja hakumuuliza ataondoka lini. Jina la Asali alipewa na mtaa, maana kwa ulimi ule angeweza kumuuzia samaki maji.

Siku hizo Mkuu wa doria bandarini alikuwa anatafuta vihisi: vidude vya kuvaa kifuani, vinavyoambiana bila waya, ili ajue kila askari yuko wapi wanapopanda kupekua meli. Asali akanunua viatu vya watoto sokoni, akang'oa taa za visigino, akazibandika kwenye beji, akajitambulisha kwa Mkuu kuwa ni injinia. Nia yake ilikuwa moja. Askari wakiingia melini, yeye aondoke na boti ya doria, ile yenye injini mpya. Akiteleza, ni jela.

Siku ya majaribio askari wakajipanga gatini na beji zao. Mkuu, mzee aliyezoea kuwachemshia vijana wake chai kwa mkono wake, akauliza:

"Injinia, kihisi kinahisi nini hasa?"

Hilo Asali hakulipangia jibu. "Kinahisi... anachohisi aliyekivaa, Mkuu. Hata la moyoni."

"Hata la moyoni!"

Askari wa kwanza akapiga hatua, beji ikawaka. Akashika kifua. "Nisamehe, Mkuu! Mwizi wa sukari ni mimi!"

Wa pili naye akawaka. "Mimi sijui kuogelea, Mkuu. Huwa nashikilia kamba tu."

"Mimi meli zinanitisha," akalia sajini, pande la mtu kama kabati. "Nikipanda, nafumba macho."

"Wanangu, mbona mlinificha?" Mkuu akawakumbatia mmoja mmoja.

Melini hakupanda mtu. Asali akaanza kurudi kinyumenyume kuelekea kwenye boti.

"Injinia, usijitenge," Mkuu akamfuata, akambandika beji.

Asali akarudi nyuma hatua moja, taa ikamwekamweka. Alijua kuliko wote kwamba ile ni taa ya kiatu. Lakini mwongo akiishi sana na uongo wake, mwisho huanza kuuamkia shikamoo.

"Ni viatu, Mkuu!" akapayuka. "Viatu vya watoto! Na boti nilitaka kuiiba!"

Mkuu akatikisa kichwa kwa mshangao. "Hiki cha kwako ndicho kikali kuliko vyote!"

Akamtia pingu, ila aliuliza kwanza kama zinambana.

Jioni alimpelekea shuka mahabusu, akakaa naye wakapiga soga. Alipoinuka kuondoka, Asali akashika nondo za mlango.

"Baba, kesho uje tena. Humu sina hata wa kumdanganya."