Mashine ya Nyuzi Ilikuwa Yetu

Jumapili, 2 Machi

Picha ya Nyakerario iko kwenye simu ya kila mtu. Jirani yangu wa ng'ambo ya ua, aliyeachia shule darasa la sita! Amesimama na mkoba wa nyuzi za migomba, ameukumbatia kama aliyejifungua mapacha. Migomba! Ile tunayokata tukishavuna ndizi na kuwatupia ng'ombe. Yeye anaitoa nyuzi, anasuka. Watu wameandika hongera mama, hongera mama. Na mimi nimeandika. Nilifuta mara mbili kabla ya kutuma.

Jambo lenyewe ni hili. Madhu, mwenye duka la mikoba mjini Kisii, analeta mashine ya kutoa nyuzi hapa Gesima. Itawekwa boma moja tu. Jumapili ijayo anakuja kuchagua mwenye nyuzi nzuri. Ikikaa kwangu, binti yangu Linet ataiendesha. Isipokaa, Linet anakwenda Nairobi kutafuta kazi. Begi lake liko mlangoni, nalipita nikifagia. Mtoto wa diploma ya maabara! Wa kwanza ukoo mzima kuvaa ile kofia ya pembe nne. Picha iko sebuleni. Mgeni akiketi lazima aione, kiti nimekielekeza hivyo.

Jumatatu, 3 Machi

Nimechungulia kwa Nyakerario. Nilijifanya natafuta kuku. Akaniuliza kwa sauti ni kuku gani huyo anayepotea kila siku saa nne. Nikamwambia ni mgeni, hajazoea. Lakini nimeona! Tangi la maji, nyuzi ndani. Siri ni kuloweka! Linet akasema mama, labda anaziosha tu, si umuulize. Nimuulize Nyakerario? Afadhali nimuulize kuku.

Shida: sina tangi. Na migomba kumi na minne nimeshakata. Baba Linet analalamika kwamba miwili ilikuwa na ndizi. Ni kweli. Ilikuwa na ndizi.

Jumanne, 4 Machi

Nimepata maji! Mimi ni shemasi kanisani. Ndimi ninayefua majoho ya ubatizo na kuweka ufunguo wa kisima cha kubatizia, kile cha saruji nyuma ya kanisa, mtu huingia mpaka kifuani. Kimejaa maji ya mvua, yamekaa bure. Mchungaji wetu ana makanisa tisa, huku tunamwona kwa nadra. Leo watu wote wakiwa shambani wakichuma majani chai, nimepeleka migomba kwa wilbaro. Safari sita! Niliomba kabla ya kuitumbukiza. Sikusikia hapana.

Ijumaa, 7 Machi

Saa tisa mchana amepita Mzee Alfayo, mzee wa kanisa, uso unang'aa. Mchungaji amepata nafasi. Kesho Sabato kuna ubatizo, watu saba! Akasema dada shemasi, andaa majoho. Akauliza mbona natetemeka. Nikasema ni furaha ya roho.

Mbio! Jua likizama Sabato inaingia, hakuna tena kazi. Linet amenisaidia. Migomba imetoka mizito kama ng'ombe aliyekufa. Tumeitia kwenye magunia ya plastiki, tukafunga, tukayaweka nyuma ya jikoni. Maji sikuwahi kubadilisha. Yanaonekana sawa. Yana rangi kidogo tu.

Sabato, 8 Machi

Kidogo! Utomvu wa mgomba, na hapa kwetu hata mtoto wa chekechea anajua hautoki nguoni! Watu saba wameingia majini weupe, wametoka kama waliochovywa kwenye chai isiyo na maziwa. Mchungaji naye mpaka tai. Mama mmoja nyuma yangu akanong'ona kwamba hizo ni dhambi zinatoka, na kwamba za fundi wa baiskeli zilikuwa nyingi. Nikasema amina kuwashinda wote.

Kisha Mzee Alfayo akavuta ganda la mgomba kutoka kisimani, refu kama mkono wake. Akaliinua. Akauliza ufunguo huwa na nani. Kila mtu anajua ufunguo huwa na nani. Sasa uko na yeye.

Nyakerario akasimama. Nikajua nimekwisha. Akasema majoho yapelekwe kwake kesho asubuhi, ana ndimu, atajaribu madoa. Mwema hivyo mbele za watu wote! Kuna watu hawana aibu.

Jumapili, 9 Machi

Madhu ameanzia kwangu, kwa sababu nilimngoja barabarani nikamshika mkono. Akaketi kwenye kiti. Akaiona picha, akaisifu. Kisha nikafungua magunia. Siku mbili juani, ndani ya plastiki, na Sabato singeyagusa! Nzi walifika kabla yetu. Madhu akafunika pua kwa mtandio, akasema kwa upole kwamba ameona vya kutosha. Nikavuta uzi mmoja kumwonyesha. Ukakatika kama tambi.

Nikamsindikiza kwa Nyakerario. Kumbe haloweki! Anakwangua ganda likiwa bichi, kisu butu juu ya ubao. Tangi ni la kusuuza. Nyuzi zake zinameta kama nywele za bibi harusi. Madhu akampa mashine. Nimepiga makofi. Viganja vinauma.

Ndipo Nyakerario akasema ana sharti. Kitabu cha mashine hawezi kukisoma, na jirani yake ana binti wa diploma. Bila Linet, mashine irudi mjini. Madhu akakubali pale pale. Linet amesukuma begi chini ya kitanda. Nilitokwa na machozi. Nikasema ni moshi. Jiko lilikuwa limezimwa.

Jumatano, 12 Machi

Siku ya pili ya kazi, na Linet anakula mchana kwa Nyakerario! Amerudi akisema mboga ya chinsaga ya huko ni laini. Tena anamwita mama mdogo. Mdogo! Amenizidi miaka minne. Nizae mimi, nisomeshe mimi, kisha zisifiwe mboga za ng'ambo!

Sina kinyongo. Iliyoniharibia ni haraka ya mchungaji, basi. Lakini Linet amesema kitu kizuri: kokwa za avokado zikichemshwa hutoa rangi ya waridi, na mikoba ya Nyakerario haina rangi. Nimeshaokota kokwa magunia mawili sokoni. Chombo ninacho pia: sufuria kubwa ya kikundi cha akina mama, ya kupikia watu matangani, iko kwangu mwezi huu. Naanza kesho alfajiri. Nimeuliza kila mahali, hakuna mazishi. Mzee Nyasani anaumwa, lakini huyo anaumwa tangu mwaka jana.