Kyrie ya Sauti Sita

Jumatatu, 3 Juni
Paroko ametangaza kwamba baada ya Misa ya Askofu, Jumapili, atamteua mwalimu mpya wa kwaya. Tunaowania ni wawili: mimi, mwenye shahada ya muziki isiyokauka wino, na Mpiga Kinanda, mwenye kinanda. Mkakati wangu ulikamilika kabla ya chai. Tutaimba Kyrie, yaani "Bwana, utuhurumie", ya sauti sita, ya karne ya kumi na sita, kwa Kigiriki, bila ala yoyote. Kinanda kitanyamaza. Na mwenyewe pia!

Jumatano, 5 Juni
Mazoezi. Nimewafafanulia wanakwaya kwamba katika muziki huu sauti haziingii pamoja. Huingia kwa zamu. Nimeongeza kuwa waimbaji wa enzi hizo walishika kila mmoja sauti yake tu, kwa hiyo nimezikata nota kwa mkasi. Besi wana besi, alto wana alto, na soprano na tenori, niliowagawa makundi mawili mawili ili sauti zitimie sita, wana zao. Mpiga Kinanda ameuliza mtu atajuaje wenzake wamefika wapi. Nimemjibu, kwa upole wa kisomi, kwamba atasikia. Shangazi, anayeimba alto na ndiye anayenilisha, amedai kwamba hajasikia chochote ila fundi bomba, besi wetu mkuu, akihesabu kwa sauti mapumziko yake, mapigo ya kungoja zamu.

Ijumaa, 7 Juni
Soprano wamewaacha besi ukurasa mzima. Dalili njema, uhuru wa sauti ndio roho ya muziki huu. Mpiga Kinanda amejitolea kutushikia nota chinichini. Mtego ulioje! Nimekataa. Njiani kurudi nyumbani shangazi amenisihi nimkubalie. "Mwanangu, hata wewe umepotea," amesema. "Nimekuona ukiongoza huku ukitazama karatasi tupu."
Hakusomea muziki. Nimemsamehe.

Jumapili, 9 Juni
Soprano walianza kama malaika. Alto wakafuata. Wakamaliza wote, pakawa kimya. Askofu akainua mikono na kuanzisha Utukufu. Tenori wakaingia: Kyrie! Akashusha mikono. Tenori wakamaliza, akainua tena. Hapo fundi bomba na besi wenzake, waliohesabu mapumziko yao kwa uaminifu wa kutisha, wakanguruma: Kyrie! Walipokoma, Askofu hakuthubutu kuinua chochote. Alinigeukia, kipaza sauti kikiwa mbele yake.
"Kijana," akasema taratibu, "tumeshahurumiwa."
Kanisa zima liliangua kicheko. Mpiga Kinanda akabonyeza nota moja tu, na watu wote wakaimba Utukufu bila kuniangalia. Uteuzi wake ulitangazwa kabla ya baraka. Mimi nimekabidhiwa kazi ya kumfunulia kurasa.

Jumatatu, 10 Juni
Nimelichambua tukio kwa utulivu wa kitaalamu, na kosa limebainika. Sauti sita ni chache mno. Mwalimu mpya atakapougua, kwa maana wanadamu huugua, nitaleta Kyrie ya sauti kumi na mbili. Humo hamtakuwa na kimya hata kidogo cha Askofu kujipenyeza.