Mwaka Huu Mito Lazima Itoke

Jumatatu, 6 Oktoba

Jedwali limekamilika! Wiki tatu za kazi, kalamu za rangi sita, mgongo wa kalenda kuukuu. Mitihani ya jiografia ya miaka kumi yote imo. Mito haijatoka miaka minne mfululizo, kwa hiyo mwaka huu lazima itoke. Piga ua! Mmomonyoko wa udongo ulitoka mwaka jana, hauwezi kurudi. Watahini nao ni watu, wana haya.

Nimeliambia darasa la mtihani liweke kando mada tisa, tubaki na tatu. Wamepiga makofi. Siku hizi wananiita Mtabiri. Kweli mwaka jana nilitabiri milima ikatoka ramani, lakini mwaka jana jedwali halikuwa na rangi.

Anayeniumiza kichwa ni mpwa wangu. Ninaishi chumba cha uani kwa dada yangu, na huyu ndiye binti yake wa pekee. Chuo cha uuguzi kinataka masomo matano. Anayo manne. La tano ni jiografia, somo la mjomba wake! Aibu gani hii? Mwaka jana aliingia ukumbini, mikono ikamtetemeka, karatasi akairudisha nusu tupu. Sasa anarudia, na dada ameapa hakuna mara ya tatu. Akianguka anakwenda kushona sare kwa shangazi yake. Sina ugomvi na cherehani. Ila huyu mtoto alikuwa akitufunga bendeji vidole vizima akiwa na miaka sita.

Alhamisi, 9 Oktoba

Mwalimu wa hesabu, ambaye wanafunzi humwita Dakika kwa sababu haachani na saa yake, amesimama mbele ya jedwali langu katika chumba cha walimu. Ameniuliza, kwa ule upole wake wa kuudhi, kama sarafu iliyorushwa mara nne huwa inakumbuka ilivyoanguka ikirushwa mara ya tano. Nikamjibu kwamba mimi nafundisha jiografia, sifundishi sarafu. Walimu wamecheka sana. Nadhani walimcheka yeye.

Kumbe ana lake! Jumamosi atawafanyisha mtihani wa majaribio ukumbini, karatasi za zamani, saa ukutani, kimya kabisa. Halafu anasahihisha na kukaa na kila mmoja kumwonyesha alipopotea. Na jiografia imo! Jiografia yangu! Nilipomlalamikia mkuu wa shule, akaniambia nishukuru nimepata msaidizi. Darasa langu zima limejiandikisha, isipokuwa mpwa wangu. Anasema ukumbi ule hataki hata kuuona.

Ijumaa, 10 Oktoba

Dawa ya moto ni moto. Nimemwambia mlinzi kwamba ukumbi una vumbi la kutisha, na kwamba mimi, kwa mapenzi ya shule, nitaufagia kesho, asubuhi hadi jioni. Amenitazama kama mtu aliyeona mbuzi amevaa tai. Lakini ufunguo kanipa. Na ufagio kanipa. Kesho Dakika atakutana na kufuli!

Jumamosi, 11 Oktoba

Dakika hakutikisika hata kidogo. Amewahamishia wanafunzi bwaloni, ametundika saa yake kwenye msumari, wakaendelea. Mimi nikabaki nimejifungia ukumbini na ufagio. Ningetoroka, lakini mlinzi alikuja kuchungulia mara mbili. Basi nikafagia. Madawati mia na ishirini! Kiuno si changu tena.

Saa saba mpwa wangu akaniletea chakula kutoka kwa mama yake. Akafika mlangoni, akakwama. Nilimwonea huruma, na nafsi ikanisuta, kwa sababu mwaka jana nilimwambia mlangoni hapohapo asiogope, kisha nikaenda zangu kunywa chai. Nikamwomba aingie anisaidie kupanga viti. Kwa viti akakubali.

Tulipofika mstari wa tatu akasimama. Dawati lake la mwaka jana. Nikamwambia akae. Nikakaa la jirani, magoti yakagoma kuingia. Nikamuuliza swali la kwanza lililonijia, kwa bahati mbaya la mmomonyoko. Akasema, Mjomba, nimesahau kila kitu. Nikamwambia aandike neno moja tu analolijua, hata likiwa la kijinga. Akaandika “mvua”. Halafu “mteremko”. Halafu ukurasa mzima! Nikamwonyesha alichoruka, akaandika upya. Mwisho anaandika kwa mkono huu na kwa ule anamaliza chakula changu.

Saa nzima imepotea, tena kwa mada isiyotoka. Mito hatukugusa hata tone.

Ijumaa, 24 Oktoba

Mtihani wa jiografia umefanyika leo. Karatasi nimeisoma nyuma ya stoo. Hakuna mto. Hata kijito! Swali la kwanza, alama ishirini: mmomonyoko wa udongo. Watahini hawana haya hata chembe!

Nimelia. Shajara ni yangu, nitaandika ukweli. Watoto arobaini na mmoja, niliwaambia waweke kando mada tisa. Mpwa wangu alipotoka ukumbini nilikula kona, nisimwone usoni. Hata nyumbani sikuthubutu kumuuliza. Dakika amenipita na kunigusa bega. Hata huruma yake ina majivuno.

Alhamisi, 29 Januari

MATOKEO! Thelathini na wanane wamefaulu jiografia! Haijawahi kutokea! Na mpwa wangu yumo, tena kwa alama nzuri! Dada amepiga vigelegele mpaka jirani akaja kuuliza nani kaolewa. Nimemkumbatia mtoto nikashindwa kumwachia. Mwezi ujao anaanza chuo.

Mkuu wa shule amenipa mkono mbele ya walimu wote. Nimehakikisha Dakika anaona.

Aliyekuwa kiongozi wa darasa amekuja kunishukuru kwa orodha yangu. Anasema iliwasaidia mno. Kaka na dada zao waliotangulia waliwausia kwamba chochote Mtabiri akisema hakitoki, wakianze hicho. Basi walianza na zile tisa, na Jumamosi wakajipima kwa Dakika. Alisema kwa adabu kabisa, mikono nyuma.

Jioni mpwa wangu amenitengea chai. Ameniambia yeye orodha hakuigusa kabisa. Mikono ilipoanza kumtetemeka siku ile, alikumbuka mimi na magoti yangu kwenye kile kidawati, akaandika neno moja tu, “mvua”. Mengine yakafuata. Anasema ile saa ukumbini ndiyo iliyompeleka chuo. Nimekiinamia kikombe, nikasingizia chai ni ya moto. Mtoto ana adabu, hataki kulisifu jedwali waziwazi.

Ijumaa, 30 Januari

Nimeona mwanga! Jedwali ni sahihi, ila linasomwa kichwa chini miguu juu. Dawa ni nyepesi. Mwaka huu ninachotaka wakisome nitasema hakitoki, na nisichotaka nitakipigia debe. Watadhani wananikwepa, kumbe wako mkononi mwangu! Nimeshaanza kuchora.

Nimeshindwa kujizuia, nimemwambia Dakika siri hii. Amenisikiliza mpaka mwisho. Halafu akauliza taratibu kwa nini nisichukue tu ufunguo wa ukumbi kila Jumamosi, nikae na wale watoto mmoja mmoja, kama mlinzi alivyoniona nimekaa na mpwa wangu.

Nimemhurumia, maskini. Nikamwambia hayo ni ya watu wasio na mpango.