Masharubu ya Kaizari

Jumatatu, 15 Septemba

Rupia imefika! Rupia ya fedha ya Mjerumani, kutoka kwa mama mkwe, Bi Siti wa Kiongoroni. Jumapili binti yangu Yasmin anaolewa, na katika ukoo wa mke wangu hakuna bibi harusi anayetoka kwao bila rupia hiyo kufungwa kwenye pindo la kanga yake. Bi Siti alitoka nayo. Mke wangu Nasra alitoka nayo. Sasa ameifungia kabatini na ufunguo kauficha kwenye kopo la iliki. Anadhani sijui!

Mimi nina mipango. Lipo kundi la simu la wapenda sarafu, ambamo Bi Honorata wa Dar huzitazama picha na kutoa daraja: Imechoka, Nzuri, Nzuri Sana, Safi. Tajiri mmoja humo katangaza kwamba mwenye rupia ya Nzuri Sana atampa friza. Friza! Kibiti hii, na joto hili! Barafu, juisi, kamba wa Salale. Yasmin tutamfungia kitu kingine cha mviringo. Bi Siti ana mtoto wa jicho, hataona.

Jumanne, 16 Septemba

Nimetuma picha ishirini na moja. Jibu: Imechoka. Bi Honorata kaeleza kwamba rupia hii hupimwa kwa masharubu ya Kaizari, mfalme wa Wajerumani ambaye sura yake imechorwa juu yake. Yakionekana unywele kwa unywele, ni Safi. Wa kwangu, kasema, masharubu hana, pua hana, na jicho analo kwa kubahatisha. Mbele ya watu mia mbili!

Mmoja wao ni Mudathiri, fundi saa wa ng'ambo ya barabara, ambaye naye ana rupia yake anayojidai nayo. Kavuka kuja kunipa pole. Pole gani ya kung'ata midomo asicheke?

Jumatano, 17 Septemba

Wanja wa Nasra! Nimeamka na jawabu. Njiti ya kiberiti, mkono mwepesi, Kaizari akapata masharubu yaliyopinda juu, ya kiume hasa. Nikapiga picha juani.

Bi Honorata kasema amepima rupia miaka ishirini, hajapata kumwona Kaizari aliyeota masharubu kwa siku moja. Nikirudia, ananitoa. Mudathiri kaandika kwamba kesho ataota na ndevu. Mtu mzima ovyo!

Alhamisi, 18 Septemba

Mungu hamtupi mja wake. Kaniandikia mtu pembeni, anajiita Nahodha wa Salale. Ana rupia yenye masharubu kamili ila yeye anataka iliyochoka, ya dawa ya mama yake. Tubadilishane, nami nimwongeze jogoo. Picha nimeikuza mpaka simu ikapata moto. Nimeshakuwa mjuzi, simhitaji Bi Honorata. Nzuri Sana, tena naona haya kutosema Safi.

Tumeachiana bahasha kwa Ashura, mama lishe wa stendi. Nimempa na jogoo wa harusi, yule mwekundu anayewika kisha anakohoa. Nasra nimemwambia kicheche kapita.

Ijumaa, 19 Septemba

Sitaki kuandika. Nimefungua bahasha alfajiri. Nikampangusa Kaizari kwa kidole gumba, masharubu yote yakahamia kidoleni. Wanja! Chini yake uso mtupu kuliko wa kwetu. Mtu gani mwovu anaweza kufanya jambo kama hili?

Nikiwa bado nimekodoa macho, ng'ambo ya barabara akawika jogoo. Kisha akakohoa.

Mudathiri! Na siwezi kwenda kudai, maana nitaulizwa nami nilipeleka nini. Nimemrudishia Kaizari wake masharubu na kumfungia kabatini. Mtoto wa jicho atanisitiri.

Jumamosi, 20 Septemba

Bi Siti kafika, maji ya mto bado yako kwenye pindo la gauni. Hata uji hajanywa, kaiomba rupia. Hakuitazama. Aliipeleka mdomoni, akaizungusha kwa ulimi, akaitema kiganjani. Kumbe akiwa na miaka sita aliidhani peremende, akaiuma, na alama ya jino lake iko ukingoni. Nani angelijua hilo? Kwenye picha haionekani!

"Kibwana, baba," akasema, "hii siyo."

Yasmin akaketi chini na hina yake mbichi mikononi, akalia bila sauti. Akasema hakutuomba dhahabu, hakutuomba ukumbi, alitaka rupia ya bibi tu. Nilijisikia mdogo kuliko kidaka tonge. Nikasema ni wezi. Jogoo akawika, akakohoa. Nasra akanitazama, akajifunga kanga kiunoni, akavuka barabara.

Alirudi na rupia, na jogoo, na Mudathiri kamshika ukosi wa shati. Bi Siti akaiweka ulimini. Akaizungusha. Kisha akasema ina ladha ya wanja, lakini ndiyo.

Jumapili, 21 Septemba

Yasmin ametoka nyumbani, rupia pindoni. Nimelia. Nimesema ni moshi wa jikoni. Jogoo kaliwa, na paja kapewa Mudathiri! Mimi nimeletewa shingo.

Jumatatu, 22 Septemba

Nimetulia, nimewaza kosa lilikuwa wapi. Nimelipata: wanja unafutika! Mpambaji wa bibi harusi kasahau piko yake, ile rangi nyeusi ya kuchorea maua mikononi, kopo nusu. Piko hukaa wiki mbili. Fungate ya Yasmin ni siku saba, kisha rupia inarudi kabatini, na friza bado haijapata mtu.

Ila mara hii sikurupuki. Nimeijaribu kwanza mwenyewe, juu ya mdomo, masharubu yamepinda juu kama ya Kaizari. Nimesugua kwa sabuni. Nimesugua kwa ndimu. Nimesugua kwa majivu. Nasra anabisha mlango wa bafu, anauliza nafanya nini saa nzima.

Hayatoki hata unywele. Safi!