Siku Bosi Alipotii Mbele ya Shangazi

Leo nimeumbuka, tena nikiwa nimepiga magoti.

Kwa wasiomjua, Bosi ni mbwa wetu hapa nyumbani Miembeni. Alikuwa na tabia mbaya ya kurukia wageni. Mwalimu mwenzangu mmoja alishaondoka kwetu na suruali iliyochanika. Basi likizo yote nimemfundisha jambo moja tu: mgeni akija, nenda kwenye mkeka, lala, tulia. Amri yake ni "shuntama", yaani kaa chini, kwa sababu Baba humsemesha kwa Kihaya na sikutaka kumchanganya. Akitulia, namtupia dagaa. Nikisema "haya", ndiyo ruhusa ya kuinuka. Nikajiona mtaalamu. (Sikujiuliza hata kidogo ni Mhaya gani anayemkaribisha mtu bila kumwambia shuntama.)

Sasa leo Shangazi yake Deo, mchumba wangu, alikuwa anakuja kutoka Muleba kuniangalia. Huyu ndiye aliyemlea Deo. Akisema hapana, hakuna posa. Msichana aliyenitangulia alikataliwa kwa kusalimia akiwa amesimama. Kwa hiyo nilijua kabisa: magoti chini, sauti chini, macho chini.

Bosi nikamfungia jikoni. Dagaa chache nikazifunga kwenye pindo la kitenge, endapo angetoroka. (Ndiyo, kitenge kipya. Msiniulize.) Mama naye, kwa heshima ya mgeni, akatandika mkeka katikati ya sebule ili nipigie magoti hapo. Ni mkeka ule ule wa Bosi, ila umeoshwa.

Shangazi akafika, akaketi kwenye kochi, Deo pembeni yake. Nikapiga magoti, nikasalimia vizuri mpaka nikajisikia fahari. Shangazi akatabasamu, akaniambia kwa upole, "Shuntama, mwana wange."

Mlango wa jikoni ukafunguka kwa kishindo! Bosi akaja mbio, akajilaza ubavuni mwangu, kidevu juu ya miguu, ametulia kama mzee wa kanisa. Shangazi akapandisha miguu yote miwili kwenye kochi. Nikamnong'oneza Bosi atoke. Wapi! Mimi mwenyewe nilimfundisha asiinuke mpaka asikie neno lake, na neno lenyewe lilikuwa limenitoka kichwani kwa hofu.

Shangazi akajikaza kuanza maneno yake. "Haya," akasema, "sisi tumekuja..." Bosi akainuka. Deo naye akainuka kumfukuza. Baba, asiyependa vurugu mbele ya wageni, akamwambia Deo ashuntame. Bosi akalala tena, halafu akanikazia macho. Nilijua anadai nini. Nikajifanya simwoni.

Basi akajihudumia. Aling'ata pindo la kitenge, akavuta, na dagaa zote zikamwagika mkekani mbele ya Shangazi. Sebule nzima ikanuka kama mwalo wa Kemondo mitumbwi ya samaki inapotia nanga.

"Hizi dagaa za nani?" Shangazi akauliza.

"Za mbwa, Shangazi."

"Na zinakaa kwenye nguo yako?"

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Deo alikuwa anakagua dari. (Asante sana, mpenzi.) Nikaona posa hiyooo inarudi Muleba. Nikaeleza yote, mkeka, neno na dagaa, huku machozi yananilenga. Shangazi alisikiliza bila kucheka. Kisha akashusha mguu mmoja, akamtazama Bosi, akasema, "Haya." Bosi akainuka. "Shuntama." Bosi akalala. Shangazi akaokota dagaa moja, akamtupia. Akarudia tena, na tena. Mguu wa pili nao ukashuka. Mwishowe akacheka mpaka kilemba kikalegea.

"Huyu Deo nimemlea tangu mdogo," akamwambia Mama, "na kutulia nyumbani nimeshindwa kumfundisha. Binti huyu tunamchukua."

Jamani, nilipumua! Hadi sasa ninapoandika haya, magoti yananiuma, lakini moyo ni mweupe. Nimekubaliwa, na harufu yangu ya dagaa.

Wakati wa kuaga, Shangazi akajishika magoti, akasema, "Haya."

Wakainuka wawili kwa pamoja: Bosi na Deo.

Dagaa nimempa mmoja tu. Cheka ukipenda, ila naomba mtu asimtumie Deo hii.