Reli Ndefu za Meneja

Hakuna mwanamume aliyewahi kuketi kwa fahari kama Meneja, na hakuna aliyewahi kushindwa kuinuka kama yeye!

Umeneja wenyewe aliupata alasiri moja tu, bosi wake alipokwenda kung'oa jino akamwachia funguo za ghala. Jino liling'oka, funguo zikarudi, jina likabaki. Tangu siku hiyo hatembei, anakagua. Hali chakula, anakiidhinisha! Alipostaafu akanunua meza ya mbao ngumu, akaiweka kwenye kona ya sebule penye dirisha. Kiti nyuma ya meza, mgongo ukutani, uso mlangoni, ili kila aingiaye ajione amekuja kuomba kazi.

Tatizo ni kwamba mkewe alikuwa mshonaji, na nyumba nzima mwanga ulikuwa kwenye kona ile tu.

"Baba watoto, mimi huko chumbani natunga uzi kwa kupapasa, na dirisha umeipa meza. Kwani inasoma gazeti?"

"Hii ni ofisi, mama watoto. Naitengenezea ubao wa kuvuta, wa kuwekea kibodi ya kompyuta."

"Kompyuta yenyewe iko wapi?"

"Iko njiani."

"Haya. Dada yangu anakuja Jumamosi. Huo ubao ukitoka na kurudi mbele yake, kona ni yako, sitasema tena. Ukigoma, kona ni ya cherehani yangu."

"Wewe niandalie chai tu!"

Kabla ya kwenda dukani, Meneja akaketi apime nafasi kati ya meza na tumbo lake. Ndipo mambo yalipoharibikia. Mtu mwingine angepima huku anapumua. Meneja alivuta pumzi mpaka kitambi kikakimbilia kifuani na mkanda ukaning'inia kama mkufu. Lo! Nafasi ilikuwa uwanja wa mpira! Akashika kipimo kichwani, akaachia pumzi, suruali ikalia.

Dukani aligonga kaunta. "Nionyeshe reli za ubao wa kuvuta. Za kiume!"

Muuzaji akammwagia reli za kila aina. Meneja akawa anavuta moja moja, ametega sikio kama daktari apimaye kifua. "Hii ina kikohozi. Hii inanong'ona. Hii, eh, itabeba bahasha, tena tupu."

"Basi chukua hizi, mzee. Gololi za chuma, hata mfuko wa saruji zinabeba. Na zina loki. Ukivuta ubao mpaka mwisho, zinashika, kwa! Hazirudi mpaka uuvute ubao kidogo kuja kwako huku unabonyeza hivi viulimi."

"Nipe ndefu kuliko zote."

Muuzaji akamtazama usoni, macho yakateremka polepole mpaka kwenye mkanda. "Wateja wenye afya, baba, huwa wanachukua fupi."

"Afya gani? Kiuno hiki ndicho nilichoolea!"

"Basi harusi hiyo watu walikula!"

Duka zima likaangua kicheko. Meneja akanunua zile ndefu, sasa kwa hasira. Akazifunga mwenyewe kwa bisibisi yake. Tena, kwa kumjua mkewe, akaibana miguu ya meza sakafuni kwa bolti. "Ofisi haihamishwi!"

Jumamosi shemeji mtu akafika na furushi la vitambaa. Meneja alikwisha kunywa chai, na mkate aliuheshimu kipande kwa kipande. Akajipenyeza kitini, akavuta pumzi, akauvuta ubao. Ukatoka laini kama siagi. Kwa! Loki ikashika.

Alitaka kusema, "Mmeona?" Lakini nani husema bila kupumua? Akapumua. Kitambi kikarudi nyumbani, kikakuta mlango umefungwa! Mbele ubao, nyuma ukuta, katikati Meneja.

"Umetoka kweli," shemeji akasema. "Haya, urudishe."

Meneja akabonyeza viulimi. Sasa auvute ubao kuja kwake. Uje wapi, na pale yupo yeye? Akajaribu kuvuta pumzi tena; chai na mkate vikakataa kusogea. Akaisukuma meza; bolti zilikuwa zimekazwa na fundi asiye na mchezo.

"Umekwama, shemeji?"

"Sijakwama. Napima uimara."

"Wa ubao au wa tumbo?"

Mkewe aliingia chumbani, akarudi amekumbatia cherehani yake ya mkono, chuma kitupu. Akailaza juu ya ubao kama alazaye mtoto. Ubao haukutikisika hata kidogo. Akafungua pazia, akavuta kiti, akaketi upande wa pili.

"Mama watoto, nitoe kwanza!"

"Nitakutoa, mume wangu. Chai ishuke kwanza. Ila kusema haki, reli umechagua!"

Meneja, hata hapo alipobanwa, akatabasamu. "Si nilikuambia? Gololi za chuma!"

"Naona. Na mpini nao umekujia mkononi. Hebu zungusha."

Angefanya nini? Akazungusha. Sindano ikaanza kukimbia, mwanga ukamwagika juu ya kitambaa, na shemeji akasogea karibu.

"Dada, si ulisema cherehani yako ni ya mkono?"

"Ilikuwa. Siku hizi ina mota." Akainama kukata uzi kwa meno. "Taratibu, Meneja. Hapo ni kwenye pindo."